Uvuvi wetu: ni kweli tatizo ni bajeti, au tunadanganyana?

Kijana wa Nzuguni

Habari za jioni wakuu. Mimi samaki namjua akiwa sahanini tu, nauza vifaa vya umeme hapa Dodoma. Ila msimu wa Bunge la bajeti redio ya dukani huwa wazi kutwa, na kila ikifika zamu ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi nasikia wimbo uleule: fedha hazitoshi, fedha za maendeleo hazijatoka zote, tunaomba serikali iongeze.

Sasa naomba kueleweshwa. Nchi hii ina asilimia 51 ya Ziwa Victoria. Ina Tanganyika, ina Nyasa, ina pwani ya kilomita 1,424. Samaki hapandwi, hapaliliwi, hawekewi mbolea. Mvuvi anajinunulia wavu, mtumbwi na mafuta. Serikali inahitaji pesa ya nini hasa? Na ikikosekana, nani anaumia na anaumiaje? Siasa nimeshiba, natafuta mtu aliyewahi kuwa ndani ya kazi hiyo.

Fundi Jenereta

Mkuu usijisumbue. Zikitolewa zinaliwa, zisipotolewa wanalia. Wape hata mara tatu uone kama sato atashuka bei.

Mzee wa Mwalo

Kijana wa Nzuguni, nimekuwa afisa uvuvi wa halmashauri moja ya kanda ya ziwa tangu 1990 mpaka nilipostaafu 2021. Jina la halmashauri naliacha, kuna wenzangu bado wanapokea mshahara pale.

Ni kweli samaki anajizalia. Lakini lazima ahesabiwe na lazima alindwe, na hizo ndizo kazi mbili nilizoajiriwa kuzifanya. Nikuambie zilivyokwenda.

Kwanza kuhesabu. Mwaloni kwetu (mwalo ni pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki) tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye uso kama wa saa. Springi yake ilichoka. Hata ikiwa tupu, mshale ulikuwa unasimama kwenye kilo 2. Niliandika barua kuomba nyingine, nikajibiwa nisubiri OC. (OC ni matumizi mengineyo, pesa ya karatasi, mafuta, posho na vikorokoro vyote ambavyo ofisi haiendi bila hivyo.) Nikasubiri. Tukazoea: kila beseni likipimwa, unatoa mbili. Kijana wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo) aliyekuwa anatuandikia takwimu alikuwa makini sana, anatoa mbili kichwani huku anaongea na akina mama. Posho yake ilipochelewa mwezi wa tano mfululizo akaondoka, akaenda kutafuta dhahabu Geita. Simlaumu.

Aliyeshika nafasi yake hakuna aliyemwambia habari ya kutoa mbili.

Kwa nusu mwaka nzima kila beseni la mwalo ule liliongezeka kilo mbili kwenye daftari. Mimi nikajumlisha, nikapeleka juu, waliopo juu wakapeleka juu zaidi. Kwenye kikao cha robo mwaka kata yetu ikatajwa kwa "ongezeko la mavuno", watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Niligundua baadaye sana, siku nilipokwenda mwenyewe kununua samaki wa mboga, nikaona kijana anaandika namba kama ilivyo. Unadhani nilirudi kusahihisha? Sikurudi. Taarifa ilikuwa imeshafika kusikorudishwa vitu.

Hiyo ni mizani moja, mwalo mmoja. Sasa chukua mialo yote ya ziwa. Takwimu kama hizo ndizo zinazoamua leseni zitolewe ngapi, wavu uwe na matundu ya inchi ngapi, sangara wa sentimita ngapi avuliwe na yupi aachwe (enzi zangu kazini kanuni zilisema 50 hadi 85). TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wapo tangu 1980 na wana wataalamu wazuri, nimefanya nao kazi, nimewabebea hata vifaa. Lakini upimaji wa ziwa zima na sensa za wavuvi kwa miaka mingi vimeegemea sana mifuko ya wafadhili, kupitia jumuiya ya uvuvi ya Ziwa Victoria iliyoko Jinja. Mradi ukiwepo, namba zipo. Mradi ukiisha, daftari linabaki na kurasa nyeupe, kisha mtaalamu anaombwa aseme ziwa linaelekea wapi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, shemeji yangu wa Kigoma alinipigia simu amekasirika kweli. Hasira yake haikuwa kufungiwa. Aliniuliza, "Nani alikuja kupima migebuka wangu hata akajua wamepungua?" Binafsi naamini kufunga kulikuwa sahihi, na nchi zote nne za ziwa lile zilikubaliana. Lakini jibu la kumpa nilikosa. Miaka yote hakumwona mtu na mizani ufukweni kwake, halafu siku moja anaona mtu na tangazo.

Pili kulinda. Boti ya doria tulikuwa nayo, ya fiba, iliachwa na mradi, injini ya 40. Kwenda visiwani na kurudi inakunywa lita 60 bila kubembeleza. Mwaka mzuri nilipata mafuta ya safari tatu. Miaka mingine ilikaa chini ya mwembe nje ya ofisi mpaka kuku wa mlinzi wakaifanya yao. Kuna siku walikuja wageni kutoka mkoani, mafuta yakapatikana ghafla asubuhi hiyohiyo, na kabla ya kuisukuma majini tulitoa mayai kumi na moja chini ya kiti cha nahodha. Mgeni mmoja aliomba apewe mawili.

Afisa asiye na mafuta anafanyaje? Anaomba. Kulikuwa na tajiri mmoja pale, mitumbwi yake haipungui ishirini, mtu mkarimu, kwenye misiba yuko mbele. Alinipa petroli. Mara nyingine alinipa na boti yake, na nahodha wake juu. Tukaenda doria, tukakamata makokoro na timba, nyavu zilizopigwa marufuku, tukazichoma ufukweni. Moshi wa nailoni ni mweusi na mzito, unalala kwenye nguo siku mbili, mke wangu alikuwa ananifungulia mlango wa uani.

Ilinichukua miaka kujiuliza mbona kokoro la yule bwana sijawahi kulikamata. Nahodha wake ndiye aliyeshika usukani! Alijua kisiwa cha kunipeleka na kisiwa cha kukizunguka kwa mbali. Niliowachomea walikuwa watu wa mtumbwi mmoja, tena wa kukopa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilikuwa inatekelezwa kwa petroli ya mtu binafsi, na mwenye petroli ndiye aliyechagua njia.

Kwa hiyo swali lako la nani anaumia, anza na yule mwenye mtumbwi mmoja.

Na usidhani pesa haikuwepo kabisa. Miaka yangu ya mwisho nilipewa mashine ya POS, mpya, inashika mtandao vizuri, na chaji ikiisha naletewa nyingine siku hiyohiyo. Ya nini? Ya kukusanyia ushuru. Mkurugenzi wa halmashauri ndiye bosi wa afisa uvuvi, wizara ya uvuvi ni kama shangazi wa mbali, na mkurugenzi naye anapimwa kwa makusanyo. Kila Jumatatu naulizwa tumekusanya kiasi gani. Miaka 31 sikumbuki Jumatatu hata moja niliyoulizwa samaki walikuwa na urefu gani. Mvuvi akiniona kwa mbali alikuwa anajua nimefuata nini, na alikuwa sahihi.

Fundi Jenereta

Mzee kwa maneno yako mwenyewe ulikuwa unabebwa na mhalifu, na bila shaka samaki wa mboga ulikuwa unapewa. Halafu kosa ni la bajeti?

Mzee wa Mwalo

Nilipewa, na nilikula. Sijaja hapa kujisafisha. Nakuambia mlango rushwa uliingilia upi. Ungenipa mafuta ningeweza kula vilevile, ila nisingekuwa na kisingizio, na wewe ungekuwa na haki ya kunifunga. Bila mafuta, hata afisa mwaminifu ana njia mbili tu: akae ofisini, au apande boti ya mtu.

Bi Dagaa

Shikamoo mzee. Mimi nakausha dagaa, na naomba niseme kwa upande wetu maana kila siku habari ni sangara na meli.

Dagaa wakija usiku wa giza, asubuhi unaanika. Jua likiwaka vizuri, mchana wako tayari. Masika ikianza ndiyo balaa. Ukianika mchangani, mvua ikapiga mara moja, dagaa wanageuka rangi, wanatoa harufu, na bei ni ya chakula cha kuku. Walewale dagaa wangekuwa juu ya kichanja chenye wavu, hewa inapita chini, unafunika turubai, kesho unaendelea. Tofauti ni miti, misumari na wavu!

Kwetu palijengwa jengo zuri, sakafu ya marumaru, chumba cha ubaridi, na bomba la maji. Umeme haukuunganishwa. Sasa hivi ndani kuna mifuko ya saruji ya ujenzi wa choo cha shule. Tuliomba vichanja, tukaambiwa fedha za vichanja hazikuwepo kwenye mpango wa mwaka ule. Tukachangishana, tukavijenga vichache wenyewe, na ushuru tukaendelea kulipa.

Baharia wa Zamani

Marahaba kwa wote wanaostahili. Mimi ni wa bahari, nilisoma chuo cha uvuvi cha Mbegani pale Bagamoyo enzi Wanorwei wapo, chuo kina kila kitu. Naongezea upande wa maji ya chumvi.

Tulikuwa na shirika la taifa, TAFICO, lilianzishwa 1974. Miaka ya 1990 likafa, kikaja kizazi kizima cha vijana waliosomea unahodha wa uvuvi bila meli ya kupanda. Wenzangu wengi waliishia kwenye tagi za bandarini (boti za kuvuta meli) na meli za mizigo za kigeni. Shirika limefufuliwa 2018, nalitakia heri, lakini nahodha hafufuliwi kwa tangazo la serikali. Anatengenezwa kwa miaka.

Bahari kuu yetu, ukanda wa kiuchumi, ni kama kilomita za mraba 223,000. Jodari wanapita humo kila mwaka wakifuata njia yao. Meli za nje zinakata leseni Mamlaka ya Bahari Kuu kule Fumba, Zanzibar, zinavua, zinakwenda kushusha Port Victoria, Shelisheli. Ada ya leseni tunapata. Kazi ya kupakua, kugandisha, kutengeneza wavu, kuuza maji na mafuta, vyote vinabaki kwa wenzetu kwa sababu wao waliwekeza kwenye bandari na sisi hatukuwa nayo. Ya Kilwa Masoko mkataba wake ulikuja kusainiwa 2022. Miaka zaidi ya 60 baada ya Uhuru.

Na mnakumbuka "samaki wa Magufuli"? Mwaka 2009, meli ya Tawariq 1 ikakamatwa ndani ya maji yetu imejaa jodari, yeye akiwa waziri. Taifa zima tulisherehekea. Wachache wanakumbuka meli ya doria iliyoifikia kule mbali ilikuwa ya Afrika Kusini, imekuja kwa ushirikiano wa kikanda. Yetu ya kufika huko haikuwepo.

Kijana wa Nzuguni

Nashukuru sana wakuu, na shikamooni wazee wangu. Bi Dagaa hapo kwenye saruji ya choo nimecheka halafu nikaacha kucheka.

Mzee wa Mwalo nina swali moja. Mwaka 2018 kulikuwa na ile Operesheni Sangara, tuliona kwenye taarifa za habari nyavu zinachomwa kila siku. Ile si ilikuwa na pesa? Ina maana serikali ikitaka inaweza.

Mzee wa Mwalo

Marahaba. Ndiyo, ikitaka inaweza, na hapo ndipo pananiuma.

Operesheni ile ilikuja na magari, boti, mafuta mpaka ya kumwagika, askari na posho. Mwalo wetu tulichoma nyavu nyingi kuliko nilizochoma maisha yangu yote. Na safari hii nikiri, hata tajiri wangu alikamatwa, maana nahodha hakuwa wa kwake. Sangara wakubwa wakaanza kuonekana. Wavuvi walewale waliotulaani wakaniambia kwa siri kwamba nyavu za inchi sita zinalipa.

Kisha operesheni ikaisha, magari yakaondoka. Mimi nikabaki na boti yangu, mwembe na kuku. Wavuvi walijifunza kitu kimoja, kwamba serikali ni mvua: ikinyesha jifiche, ikikatika toka. Tena kwa ukali wa faini zile, wengine walirudi ziwani na deni, na mwenye deni havui kwa wavu wa inchi sita akisubiri sangara akue. Anatafuta timba la bei rahisi alipe wiki hii. Operesheni ina bajeti kwa sababu inapigwa picha. Lita 60 za kila wiki, mwaka mzima, hakuna mpiga picha anayezifuata.

Nikupe na mfano wa upande wa pili, maana Fundi Jenereta anasema pesa haisaidii kitu. Mwaka 1999 Ulaya walifunga kununua samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Ilikuwa si mara ya kwanza, miaka miwili nyuma yake walitubana kwa sababu ya kipindupindu. Viwanda vya minofu Mwanza vikasimama, vibarua wakarudi nyumbani, sangara akawa anauzwa kama bure. Nilikuwa mwaloni, nikaona matajiri wanalia. Basi pesa ilipatikana! Wakaguzi wakaongezwa na kupewa mafunzo, taratibu za usafi zikaandikwa upya, mialo ikawekewa sakafu na maji, na ukaguzi wa maabara ukawa sehemu ya kazi. Mpaka leo Nyegezi ipo maabara ya ubora wa samaki inayoheshimika. Soko likafunguliwa. Serikali yetu hii hii, na maafisa haohao, mmoja wao mimi.

Kwa hiyo sikubali kwamba sisi hatufai hata tukipewa. Ubora wa minofu ulipata pesa kwa sababu kulikuwa na mnunuzi aliyesema bila hivyo sinunui. Kuhesabu samaki walioko majini hakuna mnunuzi anayekudai. Dagaa wa Bi Dagaa wanaliwa na sisi wenyewe, na sisi hatuna ubalozi wa kulalamikia.

Bi Dagaa

Hapo mzee umesema. Hata mkaguzi nikimuona huku ni wa minofu, amepotea njia.

Fundi Jenereta

Sawa mzee, kwa hiyo kama leo wewe ndiye mwenye kalamu, unaanza na nini? Usiniambie meli.

Mzee wa Mwalo

Meli namwachia Baharia, ana hoja yake na ni kubwa kuliko mimi. Mimi ningeanza na mizani, kila mwalo. Halafu posho ya mwandika takwimu, ilipwe kila mwezi kama anavyolipwa mlinzi wa ofisi, iwe ndogo lakini isikose. Halafu mafuta ya doria yatengwe kutoka kwenye ushuru uleule tunaokusanya mwaloni, kabla haujapanda gari kwenda mjini. Mvuvi akiona sehemu ya ushuru wake inarudi kama petroli na vichanja, hata kulipa atalipa kwa moyo mwingine. Niliwahi kulisema hilo kikaoni. Likaandikwa kwenye muhtasari.

Kijana wa Nzuguni

Mzee mjomba wangu ni diwani, kata yake iko kandokando ya ziwa. Nikimpigia nimwambie aulize nini, ili wasimjibu kwa hotuba?

Mzee wa Mwalo

Mwambie asiulize chochote kwanza. Aombe taarifa ya utekelezaji ya robo mwaka, afungue sehemu ya uvuvi, atazame safu mbili: fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizopokelewa. Ya kwanza itakuwa imejaa vizuri. Kwenye ya pili asishangae akikuta sifuri robo ya kwanza, sifuri ya pili, na kitu kidogo robo ya tatu.

Robo ya nne aikague tarehe. Mimi mara kadhaa mafuta ya mwaka mzima yaliingia siku za mwisho za Juni, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Unapewa siku nne utumie fedha za miezi kumi na miwili, na usipotumia zinarudi, na mwaka ujao unaambiwa mwaka jana hukuwa na uhitaji. Nilichokuwa nafanya siku zile nne sikiandiki hapa. Mjomba wako akishaona tarehe, anipigie, utanitumia ujumbe wa pembeni nikupe namba.